Bi Khole Mwosha Maiti Agombea Shura

Siku Bi Khole alipokwenda kuomba kura ya kwanza, Bi Shukriya alipiga ukelele akavuta shuka mpaka puani.

"Sijafa! Wallahi sijafa, mafua tu! Nani kakwita?"

"Hakuna aliyeniita. Nimekuja kuomba kura."

"Kura ya nini?"

"Ya Shura. Nataka kuwa mjumbe kwenye baraza la nchi."

Bi Shukriya hakusadiki. Alimgeukia mkwewe, aliyesimama mlangoni na birika la kahawa, akamtazama kwa jicho la mtu aliyegundua njama.

Ndivyo ilivyokuwa nyumba baada ya nyumba, mtaa mzima wa Aija. Bi Khole alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiosha maiti za wanawake wa mtaa ule, kwa kujitolea tu. Walimpenda sana, ila walimpenda akiwa mbali. Akipita dukani, wenye kikohozi walijizuia kukohoa.

Kugombea hakukuwa ndoto yake. Chumba cha kuoshea maiti upande wa wanawake kilikuwa hakina maji ya moto, na kiyoyozi chake kilikufa kabla ya wengi waliooshwa mle. Aliandika barua nne. Ya nne ilijibiwa na karani mmoja, kwa mdomo: "Mama, mambo haya ni ya mjumbe wa Shura." Akampigia mjumbe. Simu ikalia wiki mbili.

"Basi nitakuwa mjumbe mimi," alimwambia mumewe, Humoud, "nikijipigia simu nitapokea."

Humoud alicheka mpaka akavua miwani. "Hakuna nyumba usiyoijua hapa, kweli. Taabu ni kuwa kila nyumba inajua ukija unafuata nini."

Mpinzani aliyetajwa zaidi alikuwa Mahrous, mkandarasi wa majumba, mwenye kabila kubwa na sauti kubwa kuliko kabila. Alifanya karamu tatu. Kwenye sabla yao, ukumbi wa wanaume, Bi Khole alipoingia kujieleza, mzee mmoja alimwambia kwa adabu zote, "Bi Khole, weye tutakuhitaji siku tukifa."

"Wanaume siwaoshi," alijibu. "Kwa hiyo nyinyi mnihitaji sasa hivi, la sivyo tumekosana moja kwa moja."

Sabla ikaangua kicheko. Mahrous naye alicheka, kisha akanyamaza alipoona wengine wanaendelea.

Kwa wanawake alibadili mwendo. Aliacha kujifanya mgombea tu, kana kwamba si mwosha maiti. Alisimama katikati ya ukumbi wa harusi, wiki moja kabla ya kura, akasema: "Mama zenu nimewaosha. Nimeona kila kitu. Nani alikuwa na kovu la kisu, nani alikuwa akipaka nywele rangi nyeusi akaapa ni zake. Mmewahi kusikia neno kutoka kwangu? Mahrous kanyamaza lini? Hata kisukari chake mwenyewe tunakijua sote, na sukari ya jana ilikuwa ngapi."

Walicheka wakafutana machozi kwa kanga. Mmoja akauliza kutoka nyuma, "Nani huyo wa rangi nyeusi?"

"Ndiyo maana nagombea mie, si weye."

Siku ya kura, asubuhi, vikongwe kumi na mmoja walijipanga sebuleni kwake, kila mmoja na simu mkono mmoja na kitambulisho mkono wa pili, maana kura ilipigwa kwa simu na wao simu wanazijulia kupokea tu. Alikuwa amemfundisha wa pili namna ya kugusisha kitambulisho nyuma ya simu ili simu ikisome, ndipo habari ilipofika: Bi Alyaa, mama yake Mahrous, amefariki alfajiri.

Bi Khole alivaa buibui lake. Vikongwe akamwachia Humoud, mtu ambaye simu yake mwenyewe hajui kuizima.

Mahrous alikuwa nje ya chumba cha kuoshea, kanzu yake ya kampeni ikinukia udi, macho mekundu kama ya mtoto.

"Maji ya moto yako wapi?" aliuliza.

"Nyumbani kwako," Bi Khole alisema. "Kalete."

Akaenda, na watu walimwona: mgombea wa Shura akikimbia barabarani na birika kila mkono, safari sita, kanzu imeroa mpaka magotini. Kila safari aligonga mlango na kusema kwa sauti ndogo, "Yanatosha?" Ndani, Bi Khole alimwosha Bi Alyaa polepole. Nyayoni mwake hina ilikuwa mpya, ya karamu ya wiki iliyopita. Akaziosha nyayo mara tatu kwa maji ya vuguvugu, kwa upole zaidi kuliko ilivyohitajika, akalia kidogo, kwa kuwa mwanamke huyu alikuwa mcheshi na walipendana.

Wakamzika alasiri. Magharibi, msibani, Bi Khole alikumbuka kuwa hajapiga kura, na simu ameiacha nyumbani. Akatoka mlangoni, akamkuta Mahrous.

"Umepiga kura?" akamuuliza.

"Nilikuwa na mabirika, Bi Khole."

Alishinda mtu wa ng'ambo ya daraja, ambaye Aija ilikuwa haijamwona. Bi Khole alipata kura mia nne na kumi na moja. Siku tatu za msiba wanawake walimjia mmoja mmoja wakamnong'oneza, "Mie yangu nilikupa." Mwalimu wa hesabu hesabu ilimshinda: mpaka siku ya tatu walikuwa wamepita mia sita, na wengine hawakuwa na umri wa kupiga.

"Ahsante, mwanangu," alimjibu kila mmoja.

Wiki iliyofuata, bila barua wala mjumbe, Mahrous alileta mafundi wake, hita na kiyoyozi. Bi Khole akaja kukagua. Bomba akaliona liko juu mno, maji yatamrukia mwoshaji.

"Siyo juu, Mama," alisema fundi.

"Hebu lala hapo ubaoni nikuonyeshe."

Fundi alitazama ubao wa kuoshea maiti, akamtazama Bi Khole aliyekuwa akikunja mikono ya buibui, akashusha bomba shibiri nzima.