Mchezo wa Kunyamaza

Sista aliyesimamia shule hakutaka maneno mengi: Mado, mtoto wa miaka minne, alipewa siku ile moja tu. Akiendelea kuwaliza wenzake, asirudi tena kwenye shule ya watoto wadogo.

Kukaa nyumbani maana yake ilikuwa chumba kimoja mtaani Kampemba, mlango umefungwa kwa nje, mtoto peke yake mpaka mama yake, Simone, arudi kutoka kuuza vitenge sokoni. Baba yake alikuwa amepanda treni ya kurudi Kasai pamoja na wengine waliochoka kuwindwa, na hakuwa ameleta habari. Simone alisimama mlangoni mwa darasa, roho juu, akamuuliza mwalimu mtoto wake amefanya kosa gani hasa.

"Hapige muntu, Mama Mado," alisema mwalimu Laurentine. "Lakini benzake bakicheka, bakiimba, anabakamata, anabaingiza chini ya benchi, anabafunika kinywa. Ni mchezo gani ule? Nani alimufundisha?"

Simone aliujua mchezo ule vizuri, maana aliubuni yeye. Tangu Katanga ijitenge na Kongo, vijana wenye mapanga walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba mle Elisabethville kuwatafuta watu wa Kasai kama wao. Kila waliposikika njiani alimvuta Mado chini ya kitanda, akamziba mdomo. Ili mtoto asiogope, akaufanya mchezo: ukinyamaza mpaka mwisho, unapewa karanga. Na tusimfichie, alijisifu nao. Watoto wa majirani walilia. Wake alikaa chini ya kitanda kama gunia la makaa, naye akawa anawatambia wanawake wenzake.

Sasa aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alidhani anamficha mtoto, kumbe alikuwa anamfunza kwamba mwenzako akicheka, amekuletea hatari.

"Ni mimi," alisema. "Mimi mwenyewe nilimufundisha."

Katika mji ule kila mtu alijua ni milango ipi iliyogongwa.

"Basi wewe njo umufundishe ingine," alisema Laurentine. "Mimi nimesema, masere, sista mwenyewe, amesema, hasikie. Ingia. Umuite na nguvu, uimbe, upige makelele. Akiona mama yake haogope, naye ataacha."

Mado alikuwa chini ya benchi la nyuma, amemkumbatia mvulana mdogo, kiganja juu ya mdomo wake. Mvulana alikuwa akitokwa machozi, na Mado akimbembeleza kwa upole kabisa, kama alivyobembelezwa yeye. Darasa zima lilikuwa limeacha kuimba.

Simone akapiga magoti sakafuni. Alijaza hewa kifuani, amekusudia kuita mpaka barabarani wasikie. Nje likapita lori la askari, likabadilisha gia.

"Mado," alisema, na sauti ikatoka kwa kunong'ona.

Lori likaenda zake. Alijaribu tena, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na bado ikatoka kwa kunong'ona.

Uso wa Mado ukang'aa. Tangu aanze shule, hakuwa amepata mtu wa kuucheza mchezo wake sawasawa. Alimwachia yule mvulana, akajibana ukutani, akapigapiga sakafu kumwonyesha mama yake nafasi ya kuingia.