Siti Tatu za Nyuma

Katika nyumba ya akina Hoekstra, mjini Oostburg, Wisconsin, hata ndizi ilipitia kwanza kwenye duka la karatasi. Usicheke. Marlys Hoekstra alikuwa na kadi ya mkopo iliyompa pointi tano kwa kila dola aliyoitumia katika maduka ya vifaa vya ofisi, na pointi moja tu kwingineko kote. Na duka la vifaa vya ofisi, pale karibu na mlango, lilikuwa na ukuta mzima wa kadi za zawadi: za duka la vyakula, za kituo cha petroli, za duka la mbao na misumari, hata za kinyozi. Basi Marlys alikwenda kwenye karatasi na wino kununua kadi ya vyakula, kisha akaenda na kadi hiyo kununua ndizi. Pesa ni zile zile, ndizi ni zile zile, ila pointi ni tano badala ya moja. Aliishi hivyo kwa miaka, na mtu akimwambia anajisumbua bure alimtazama kwa huruma, maskini, asiyejua anachokipoteza.

Mumewe, Duane, mstaafu wa kiwanda cha jibini, hesabu hakuielewa lakini sheria aliielewa vizuri sana. Kila kadi katika pochi yake ilibandikwa utepe mweupe wenye neno moja kwa mwandiko wa mkewe: PETROLI. CHAKULA. SAMAKI. Hiyo ya SAMAKI ilikuwa ya Ijumaa, maana Ijumaa jioni nusu ya mji hula samaki wa kukaanga kwenye hoteli moja, na huko Marlys alikuwa na desturi yake nyingine. Bili ikitua mezani, mkono wake ulikuwa umeshafika. Alilipia meza nzima kwa kadi, kisha akapita kwa kila mmoja kukusanya fedha taslimu.

"Haya, mtoza ushuru huyo anapita," Bev, rafiki yake tangu shule ya msingi, alizoea kusema akimtupia noti. "Nikifa, Marlys, jeneza langu lipia wewe. Usije ukakosa pointi zangu."

"Basi ufe Novemba, shoga. Novemba wanatoa maradufu."

Watu walidhani ni uchoyo. Haukuwa uchoyo. Pointi zile zilikuwa za Mama Aafke.

Mama Aafke ndiye aliyemzaa Duane. Alikuwa na miaka themanini na sita na aliishi nao, chumba cha chini, kile chenye jua la asubuhi. Alitoka Friesland, kaskazini ya Uholanzi, akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, akaja kwa meli, na hakurudi tena. Mwanzoni hapakuwa na pesa. Baadaye palikuwa na ng'ombe, na ng'ombe hawaachiki. Halafu mume akaugua, akafa, na safari ikabaki maneno. Mdogo wake, Geertje, alikuwa bado anaishi katika nyumba waliyozaliwa. Kila Jumapili walipigiana simu kwa Kifrisia, kwa sauti za watu wanaoitana ng'ambo ya mto, hata mbwa akaamua kwenda kulala nje.

Miaka mitatu iliyopita Mama Aafke alibadilishwa nyonga. Marlys, akiwa amemshika mkono pale hospitali, alimwambia kwa moyo mmoja: "Mama, nitakupeleka kwa Geertje. Na utakwenda umelala, kama malkia." Alikuwa na maana ya zile siti za mbele kwenye ndege, zinazokunjuka zikawa kitanda. Kwa pesa taslimu, ili kuzipata ungeuza ghala. Kwa pointi zilipatikana, mtu akiwa na subira. Naye Marlys alitaka tatu, kwa sababu Mama asingelala kule mbele peke yake na watu wake wakawa nyuma, na Duane hakuwahi hata mara moja kumwona mama yake mdogo kwa macho.

Ujumbe wa benki ulimkuta kazini, kwenye meza ya mapokezi ya daktari wa meno. Kuanzia mwezi wa tano, ulisema, maduka ya vifaa vya ofisi yatatoa pointi moja kwa dola, sawa na maduka mengine, "katika juhudi zetu za kuendelea kukuhudumia vizuri zaidi". Benki ikikwambia inaboresha, wewe shika mfuko. Marlys aliusoma mara mbili. Mgonjwa mmoja mwenye shavu lililovimba, aliyekuwa anasubiri zamu yake, alimuuliza kama na yeye jino linamsumbua.

Wiki zilizobaki alihaha. Alinunua kadi za mbao na misumari mpaka kadi yenyewe ya mkopo ikakataa, na Duane akajengea ndege wa angani nyumba ambazo hawakuziomba. Mwezi wa tano ulipoingia, Marlys alikaa akapiga hesabu kwa mara ya mwisho. Alikuwa na vitanda viwili. Cha tatu, kwa mwendo wa pointi moja moja, angekipata baada ya miaka minne. Mama Aafke angekuwa na tisini. Alifunga kompyuta akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Ijumaa ile aliwaeleza wenzake mezani.

"Ina maana sasa kila mtu atalipa mwenyewe?" Bev aliuliza. "Mimi sijui hata samaki hawa ni bei gani! Miaka yote nakutupia noti tu na wewe hurudishi chenji."

"Narudisha, Bev. Unainywea brandi."

"Sikiliza. Shemeji yangu wa Sheboygan ana mbinu nyingine. Unafungua kadi mpya, na Duane anafungua, na mama mkwe anafungua..."

"Mama mkwe hafungui kitu," alisema Mama Aafke akichambua miba. "Mama mkwe anakula."

Watu walicheka, na Marlys akacheka pia. Lakini mle ndani moyo ulikuwa umemwinama. Alikuwa amemwahidi mama mtu kitu kizuri, na kitu hicho kilikuwa kinamponyoka.

Asubuhi yake walikuwa jikoni wawili, wanamenya viazi. Mama Aafke humenya viazi bila kuvitazama, ganda likitoka utepe mmoja mrefu.

"Hizo pointi ulizonazo," alisema, "zinatosha nini?"

"Vitanda viwili, Mama. Nimejaribu kila njia."

"Mimi sijauliza vitanda. Viti vya kawaida, vya kukalia watu. Zinatosha?"

"Vya kule nyuma?" Marlys aliweka kisu chini. "Vya nyuma zinatutosha sote watatu na nyingine zinabaki. Lakini huko ni kuzitupa, Mama! Ukizitumia kwa viti vya nyuma kila pointi haifikishi hata senti. Zile zile ukizipeleka mbele zinakuwa na thamani mara nne. Hakuna mwenye akili anayefanya hivyo."

Hapo ndipo ugonjwa wa watu wa pointi ulipo, na Marlys hakuwa mgonjwa peke yake. Wapo maelfu. Watakusanya miaka na miaka, na kuzitumia hawatumii, wakingoja siku ambayo zitanunua kitu kikubwa kuliko vyote. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini wao matumbo yakiuma hudhani ni busara.

"Na hivyo viti vya nyuma," Mama Aafke alisema taratibu, "zimetosha tangu lini?"

Marlys alichukua kiazi, akakigeuzageuza. Alikuwa anajua. Kila mwezi alikuwa anazitazama, na siku zilipofikia hapo aliona, akapita, kama mtu anayepita kituo kisicho chake.

"Tangu mwaka juzi."

Utepe wa ganda ulikatika. Mama Aafke aliuokota, akautia kwenye bakuli na wenzake.

"Mwaka juzi," alisema, "Geertje alikuwa bado anaendesha baiskeli."

Hakulisema kwa ukali, na afadhali angekuwa mkali. Geertje alianguka majira ya baridi yaliyopita, na tangu hapo alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Marlys aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alisimama pale na kiazi mkononi, mwanamke wa miaka sitini na moja, akaanza kulia.

"Nilitaka uende kwa heshima, Mama."

"Heshima ninayo, mwanangu. Ninachotaka ni kwenda." Mama Aafke alijifuta mikono kwenye aproni. "Bahari ile niliivuka nimelala chini ya kitanda cha mwanamke aliyekuwa akitapika tangu tulipong'oa nanga. Nitashindwa kukaa kwenye kiti, niletewe kahawa? Jumapili nakaa kanisani, nikitoka naangalia mechi nzima kwenye kiti cha mbao. Umewahi kunisikia nikilalamika?"

"Unamlalamikia refa."

"Refa ana haki yake. Nenda kalete hiyo kompyuta yako. Viazi nitamaliza mimi."

Zilipatikana siti tatu za pamoja, kule mkiani karibu na choo, mwezi wa sita. Marlys alipotaka kubonyeza, alirudia kusoma ukurasa mzima, maana alikuwa anafanya kile alichowaonya watu wasifanye. Alibonyeza. Pointi za miaka zikateremka kwenye kioo, na badala ya uchungu aliokuwa anaungoja alijisikia mwepesi, akacheka peke yake kwa sauti mpaka Duane akatoka gereji kuuliza kuna nini.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jioni ile ile alikaa na pochi ya mumewe akabandua zile tepe zote, akamwachia kadi moja tu, ile inayorudisha senti chache kwa kila kitu, iwe ndizi, iwe petroli, iwe kinyozi. Kesho yake Duane alimpigia simu kutoka kituo cha mafuta.

"Nilipie na ipi?"

"Unayo moja, Duane."

"Najua. Lakini si ya petroli hii."

"Ni ya yote. Lipa, urudi nyumbani."

"Nawe u mzima lakini?"

Alikuwa mzima. Jumamosi zake, ambazo zamani zilikwenda kwenye kuta za kadi za zawadi kutoka Sheboygan mpaka Manitowoc, alizipata zote mikononi na hakujua azifanyie nini, mpaka Mama Aafke alipoanza kumfundisha Kifrisia. Alijifunza kusema asante, kahawa, na jinsi ya kumwambia mtu kwamba ana kichwa kigumu. Ijumaa bili aliendelea kuidaka, sasa kwa mazoea tu, na Bev aliendelea kumwita mtoza ushuru.

Kwenye ndege Mama Aafke alikaa katikati. Alikula chakula chake chote, akala na mkate wa Duane, akaomba biskuti mara ya pili, akapata, kisha akalala kinywa wazi begani kwa mkwewe kana kwamba pale ndipo alipozoea. Magoti ya Marlys yalibanwa na kiti cha mbele. Mbali sana aliliona pazia linalowafunika wenye vitanda. Alivifikiria mara moja. Haya, mara mbili.

Geertje aliwapokea mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, nywele zimechanwa vizuri, mdogo kwa umbo kuliko sauti yake ya kwenye simu. Dada wawili walishikana nyuso. Walipapasana mashavu kama vipofu, na Duane akageuka kutazama ukuta. Kisha Mama Aafke akaona madirisha yamepakwa rangi ya kijani, na kabla koti halijamtoka walikuwa wameshaanza kugombana.

Kahawa ililetwa. Kila mtu alipewa biskuti moja, na Geertje akafunika kopo akaliweka mapajani. Halafu akamwinamia dada yake akauliza jambo, na safari hii alishusha sauti. Duane aliacha kutafuna. Mama Aafke alijibu maneno machache, na Geertje akapiga makofi, akacheka mpaka kopo likaanguka.

"Wamesema nini?" Marlys alinong'ona.

Duane alikohoa. "Mama mdogo ameuliza mbona amekawia hivi. Anasema miaka mitatu anaambiwa wanakuja, alitaka kumpokea akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe."

"Na Mama amemjibu nini?"

"Amesema alikuwa anaogopa ndege."

Marlys alimtazama mkwewe, mwanamke asiyeogopa fahali wala mchungaji.

"Si kweli. Mwambie si kweli, Duane. Mwambie ni mimi."

Duane alimtazama mama yake. Mama Aafke hakugeuka, lakini mkono wake ulikuja chini ya meza, ukatafuta mkono wa Marlys, ukaukamata.

"Kunywa kahawa, mwanangu," alisema. "Inapoa."

Geertje alikuwa bado anamcheka dada yake mwoga, na Mama Aafke alikaa pale akakubali kuchekwa. Marlys alikunywa kahawa kwa mkono mmoja.