Vanishi Juu ya Mfupa

Vipande vya mfupa vililetwa kwenye maabara yetu ya kupima umri wa mifupa vikiwa vimepakwa vanishi, nami nikashuku papo hapo. Ndivyo nilivyo, hata chumvi naionja kwanza ndipo niamini ni chumvi. Lakini safari hii aliyevileta ni baba mdogo wangu, fundi seremala. Vilitoka nyuma ya nyumba yetu, alipokuwa akichimba msingi wa kupanua karakana. Vibarua walikwisha kuviona, asingeweza kuvifukia.

"Ni vya kale hivyo, mwanangu," alisema, jasho linamtoka. "Nimevipaka visimeguke. Andikeni vya kale, yaishe."

Nani alimuuliza?

Baba yangu alitoweka nikiwa bado natambaa. Mama husema alikwenda kutafuta kazi. Baba mdogo akabaki na karakana ya kaka yake, misumeno ya kaka yake, na sisi. Ametulea vizuri, sikatai. Ila tangu nipate akili nimeona jambo moja: tukikaa kula, hatii mkono sahanini mpaka mama atangulie kumeza. Mtu mwenye moyo mweupe hali hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea; alimuua kaka yake, sasa anaogopa kisasi cha mama.

Nilimweleza mkuu wa maabara kila kitu.

"Basi vipimo atavisoma mwingine," akasema. "Wewe osha tu."

Nikaosha kwa hasira. Vanishi ile hutokana na petroli, na petroli ni mafuta ya ardhini ya enzi na enzi; ikibaki ndani, mfupa wa juzi husomeka mkongwe kuliko ulivyo. Hesabu ya baba mdogo nikaiona. Nikaosha kwa dawa, nikasuuza, nikarudia. Nilipoutoboa kuchukua unga, ukanuka nywele zilizoungua. Harufu hiyo ni ya protini iliyomo ndani, na katika mfupa mkongwe mara nyingi huwa imeshapotea.

Mashine ya kwanza hulinganisha protini hiyo na ya viumbe wengine. Si mbuzi, si ng'ombe. Mtu.

Siku zile za kungoja kipimo cha umri, chai aliyonimiminia baba mdogo niliimwaga kwenye sinki. Halafu jibu likaja. Watu wa kizazi cha baba wana ndani ya mifupa yao alama ya kaboni iliyotapakazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mfupa huu haukuwa nayo. Kaboni yake ya mionzi, ile inayopungua taratibu baada ya kifo, ilikuwa imepungua kwa kiasi cha miaka elfu nne. Nikabisha, wakapima kipande cha pili. Elfu nne vilevile; mabaki ya vanishi yasingetoa jibu moja mara mbili.

Nikaenda karakana.

"Baba mdogo, mfupa ni wa kale kweli. Sasa niambie, vanishi ilikuwa ya nini?"

Randa ikamponyoka. Akakaa chini kwenye maranda, akalia kwa sauti.

"Kwa hiyo shemeji hakumuua."

"Nani? Mama?"

"Waligombana vibaya. Kesho yake kaka hayupo, na shemeji anafagia uani, hata chozi hana. Ningeuliza nini? Nilipoiona ile mifupa nikajua ndiye. Na si wewe mwenyewe uliyetuambia mezani kwamba petroli huuzeesha mfupa? Nikapaka. Wangemfunga mama yako, mwanangu, ungebaki na nani?"

"Na kumngoja mama aanze kula?"

Akainamisha kichwa. "Niliogopa sumu."

Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Miaka yote hiyo mimi namwinda yeye, yeye anamwinda mama, na mama anatupikia sote. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto.

Jioni mama akapakua. Baba mdogo akawa wa kwanza kutia mkono.

"Leo una njaa, shemeji," mama akasema.

Baba mdogo alitafuna huku machozi yakimtoka, akaongeza tonge jingine.

Mimi nikanawa bila kula. Nilikuwa nimeishi na baba aliyeuawa, na huyo nilimpenda. Sasa hakuna aliyemuua. Aliondoka kwa miguu yake, na njia ya kurudi anaijua, ila hajaifuata.