Mahali pa Mama Mkwe

Enesi alilala kifudifudi kwenye majani yenye umande, akimtazama Loisi kwa siri akichuma uyoga. Huo ulikuwa uyoga wa njano, uotao chini ya miti mizee ya mitundu tu. Kwingine kote kijijini Igamba mitundu imeshakuwa mkaa, na uyoga wake umekwenda nayo.

Mama mkwe humwonyesha mkwe mmoja tu mahali pake pa uyoga. Ndivyo ilivyo. Miaka minne Enesi alimwogesha bibi yule, akambeba kwenda chooni. Mwisho bibi akamwonyesha Loisi, mke wa mdogo wa mumewe Enesi, aliyekuja juzi na mikono yake laini! Sasa watoto wa Loisi walilamba mchuzi, wa Enesi walikula ugali kwa chumvi.

Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Barnaba.

"Mimi ndiye mke wa mkubwa, mwenyekiti. Pale ni pangu."

"Uyoga tu, mama, ndio unaokunyima usingizi?"

"Ni mboga ya wanangu."

"Na hiyo mitundu, mikubwa?"

"Shina moja, watu wawili hawalikumbatii."

Barnaba aliacha kucheka. Akamvutia kiti, akaagiza chai. Tangu aolewe, Enesi hakuwahi kupewa kiti katika ofisi ile.

"Kanionyeshe. Kisha utie dole gumba hapa, pawe pako kabisa."

Enesi hakujua kusoma. Alimpeleka msituni, wakarudi akatia dole kwenye karatasi, akatoka kifua mbele. Loisi atajua kwamba aliye juu mngoje chini.

Wiki haikuisha, misumeno ya mashine ikaanza kunguruma msituni. Enesi alikimbilia ofisini, kanga inamvuka.

"Mwenyekiti, wanaikata! Uyoga hauoti penye visiki!"

"Si wewe uliyeomba?" Barnaba hakuinua macho. "Umesema ni pako, ukaomba miti iondolewe ulime. Kijiji kimekukubalia."

"Sikuomba hivyo, baba!"

"Dole ni la nani?"

Masika yalipokolea, pale penye visiki paliota magugu tu. Wanawake wakanung'unika, ikaitishwa mikutano ya kijiji miwili, na katika wa pili Barnaba akasimama na karatasi mkononi.

"Aliyeharibu msitu wetu amejulikana," alisema, akaiinua watu waone dole. "Kuanzia leo, mwanamke yeyote haruhusiwi kuingia msituni. Ni kwa ajili ya uhifadhi. Na huyu Enesi..."

Loisi ndiye aliyegeuka kwanza kumtazama Enesi. Hapo lori la mkaa likapita barabarani, limejaa hadi juu, likielekea Tunduma. Barnaba alinyamaza kwa adabu mpaka kelele zikaisha, kisha akaendelea kusoma.