Mafuta ya Kukamulia kwenye Waya

Meneja Theuri alisema neno moja tu Jumatano asubuhi, nalo lilitosha kumkosesha Magdaline hamu ya chai: kompyuta isiyosemezana na zingine ikikosa kupona kufikia saa sita, itaondoka, na mpiga chapa wake aondoke nayo. Wangetoka mlangoni pamoja kama maharusi.

Magdaline, Mama Murugi kwa wenzake, alikuwa mpiga chapa wa ofisi ile ya wakulima wa maziwa, hapo Kerugoya, kwa miaka kumi na tisa. Kompyuta yake ndiyo iliyokuwa kuukuu kuliko zote. Waya wake ulifuata ukuta hadi kwenye kijisanduku kilichounganisha mashine zote na printa, lakini tangu Jumatatu haikuiona printa wala wenzake.

Moffat, fundi kutoka Nyeri, alikuwa amelala chini ya meza tangu saa tatu.

"Mama, taa ya huku nyuma haiwaki. Hii waya imeguswa na nani?"

"Labda panya."

"Panya gani huyo anapaka mafuta?"

 Jana ncha ya ule waya ilikataa kuingia vizuri, naye Magdaline ni mtu wa ng'ombe. Bawaba ikilia, chuchu ikipasuka, mkono ukichubuka, kwake dawa ni mafuta ya kukamulia. Sasa waya ulikuwa na kosa gani hata unyimwe?

"Nililainisha kidogo tu."

"Kidogo? Hii ukiikamua inatoa lita mbili!"

Wakacheka wote wawili, kisha Magdaline akatazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu.

Moffat akaisafisha ncha kwa spiriti. Taa haikuwaka. Akatia waya mpya. Wapi! Akauhamishia tundu lingine la kijisanduku, lile la Muchangi wa mapokezi, ambalo halikuwa na shida yoyote. Giza. Akafungua mashine, akachomoa kadi ya mtandao, akaipuliza, akairudisha. Magdaline akamwambia Mungu kimoyomoyo asijisumbue na miujiza mikubwa. Taa moja tu ya kijani, hata ikiwa hafifu.

"Si mafuta yako, mama," Moffat akasema, akijipangusa. "Kadi imekufa. Pengine ni ile radi ya Jumapili."

"Si uweke ingine?"

"Ya mashine mzee hivi? Hata Nairobi waliacha kuuza."

Magdaline akatamani kosa lingekuwa lake. Mafuta yanapanguswa kwa kitambaa. Radi angeishtaki kwa nani?

Saa sita kamili Theuri akaingia. Akamtazama Moffat, naye Moffat akatikisa kichwa.

"Mama Murugi, pole sana. Sasa nipigie chapa barua ya kukuachisha kazi, niweke sahihi."

"Na itafikaje kwa printa, Bwana Theuri?"

Theuri akakuna sikio. "Basi andika na mkono."

Magdaline akavuta karatasi, akaandika polepole kwa mwandiko wa kupendeza. Alipofika mahali pa jina akaandika majina yake yote matatu, asije akafutwa Magdaline mwingine bure.