Unga Kwenye Kidonda

"Ameanguka bafuni." Ndivyo ilivyoandikwa kwenye cheti cha hospitali! Dada wa ofisi ya fidia akakisukuma nje ya dirisha kama ganda la ndizi. "Ajali za nyumbani hatulipi."

Kaka yangu, bandeji mpaka kiwikoni, akaitikia, "Sawa, dada."

Sawa? Damu ikanichemka. Vidole vitatu vimeliwa na mashine ya kukandia unga, kiwandani kwao, akiiosha huku inazunguka, kwa sababu meneja hataki izimwe, eti kazi inalala. Halafu sawa!

Tulipotoka nikamuuliza, "Nani alisema bafuni?"

Akaangalia viatu vyake. "Meneja. Alinipeleka kwa gari lake, akaongea yeye pale mapokezi. Ningembishia vipi mtu aliyenibeba?"

"Wewe ukasemaje?"

"Nilimshukuru."

Jamani! Nikamkokota mpaka hospitali, simu mkononi inarekodi. Nesi aliyemhudumia akasoma cheti, akacheka kwa hasira. "Huyu? Nilimtoa unga kwenye kidonda mpaka mgongo ukaniuma! Kwani kwenu mikate mnakandia bafuni?"

Akamwita daktari. Daktari akasema atarekebisha, ila mgonjwa aeleze mwenyewe, kwa mdomo wake.

Kaka akaninong'oneza, "Akinifukuza je? Watoto watakula nini?"

"Kwa hiyo utarudi ukakande kwa miguu?" nikafoka. "Tangu akushushe hapa, amekupigia hata simu?"

Nesi akanishika bega. "Mdogo wangu, mwache aseme. Na hiyo simu weka mfukoni."

Nikaiweka, roho inaniuma.

Kaka akavuta pumzi. Akaanza taratibu: mashine inazunguka, kitambaa kikanasa, mkono ukafuata. Mara sauti ikapanda, watu kwenye mabenchi wakageuka. "Nilipiga kelele meneja azime! Alikuwa amesimama hapo hapo kwenye swichi! Akasema subiri, unga utaharibika!"

Hilo hata mimi sikuwahi kulisikia. Nesi akaziba mdomo.

Daktari akaandika yote, akagonga muhuri. Kaka akakinyakua cheti, akatoka mbio, mimi nyuma nahema kama mbwa. Ofisi ya fidia walikuwa wanafunga. Akakibandika kwenye kioo. "Dada, soma!"

Akasoma. Akakaa tena kwenye kiti chake. "Hii ni ajali ya kazini. Nafungua faili sasa hivi, na huyo meneja wako tunamwita aje ajieleze."

"Mwiteni," kaka akasema. "Nataka niwepo."