Zaburi Iliyoshuka Nusu Sauti

Okestra ilipopiga sauti za kwanza za mazoezi katika kanisa la Saint-Gilles, Mzee Dominic alijua kwamba amechezewa shere. Alitoa mfukoni chuma chake cha ncha mbili cha kupimia sauti, alichokinunua zamani alipokuwa akisoma muziki darasa la jioni, akakigonga gotini na kukiweka sikioni. Kilitoa noti ileile ya siku zote, ile iitwayo la. Noti ya la ya fidla ilikuwa chini yake kwa nusu sauti.

Zaburi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka mia tatu, ya kwaya, waimbaji wanne wa pekee na okestra. Solo ya besi, sauti nzito ya kiume, ilikuwa ya Dominic. Mwishoni iliteremka ngazi kwa ngazi hadi noti ya mi ya chini kabisa, na kwa miaka yake sabini na mmoja aliifikia kwa shida. Ikishuka zaidi, asingeipata. Angeipata nani? Kalenga, mwanakwaya mwenzake, mtu wa Bukavu aliyehudumia wazee kule Anderlecht, mwenye kifua kama pipa, asiyejua kusoma noti hata moja. Tangu Pasaka Dominic alikuwa akimwona anabaki nyuma baada ya mazoezi na Maman Cécile, kiongozi wa kwaya, wakinong'onezana.

Wakati wa mapumziko alimfuata Cécile akamwekea chuma sikioni bila salamu. Akamuuliza nani ameshusha wimbo, na kwa faida ya nani.

"Mais papa Dominic, nilielezea yote jeudi. Ile vyombo ni ya zamani, kamba zake ni za matumbo ya kondoo. Wakati ule batu balikuwa banaimba chini hivi. Weye haukukuya."

Ni kweli hakwenda. Alhamisi ilikuwa siku ya wasiosoma noti, na hakuona sababu ya kukaa nao. Hata hivyo hakuridhika. Mtu akitaka kukutoa mahali pako, aliwaza, hakosi maelezo mazuri.

Waliporudi, Kalenga alihama safu akaja kusimama nyuma yake hasa. Anangoja nianguke, Dominic alijisemea. Solo ikafika. Akateremka vizuri mpaka fa, ngazi moja juu ya mi, akafungua kinywa kwa mi, ikatoka pumzi tupu.

Lakini mi ilisikika, nene na tulivu, ikitokea nyuma ya shingo yake. Cécile aliinamia karatasi zake haraka mno.

Dominic aligeuka. Kalenga alikuwa amejifunika kinywa kwa kitabu, nacho kitabu kiko kichwa chini.

"Hiki ndicho mlichokuwa mkinong'ona?"

"Ee, papa. Niliona ile moja inakuchokesha. Nikaomba maman anifundishe ile tu. Hakuna muntu atajua."

Dominic alimkagua usoni akitafuta hila. Hakuiona, na hilo lilimuuma zaidi. Mwishowe alikigeuza kitabu kikae sawa, akaweka kidole juu ya karatasi.

"Hii inaitwa mi. Ijue kwa jina. Jumapili mimi nitaishia fa, na wewe utasimama kando yangu, si nyuma."

Alimgongea chuma aisikie la, noti ya pili ya kuijua kwa jina, kisha akakirudisha mfukoni na kufunga kifungo cha mfuko.